Kamba ya Saad

Mume wangu Kweyu alipofutwa kiwandani, alipata kazi ya kutafuta nyoka. Haki ya Mungu, nyoka! Si kuua, wala kuuza. Gari linatambaa usiku kwenye barabara ya jangwani, kaskazini huko, yeye anamulika lami. Nyoka akionekana amejilaza kuota joto lililobaki la jua, anashikwa kwa fimbo ya ndoano, watafiti wanampima, kisha wanamwachilia aende zake. Mimi huku Mukuru kwa Njenga niliuliza, "Sasa mnamtafuta wa nini?" Sikujibiwa nikaelewa.

Kazi yenyewe alitafutiwa na Saad, dereva wao, mtoto wa watu wa pwani aliyekulia Eastleigh. Na ni Saad huyohuyo aliyenipigia simu usiku.

"Shemeji Nabalayo, usishtuke. Kweyu amepatwa na kamba."

"Nini?"

"Kamba, shemeji. Lakini tumemuwahi, anapumua. Tunamkimbiza hospitali."

Mtandao ukakatika. Nilipiga nduru mpaka jirani yangu Truphena akaja mbio na leso kifuani. "Amejinyonga!" nikamwambia. "Baba watoto amejinyonga!" Nilimwachia watoto nikapanda basi la kwenda kaskazini, nikilia, kisha nikimtukana Kweyu kimoyomoyo, kisha nikilia tena. Sikujua kama nikimkuta nitamkumbatia au nitamzaba kofi.

Wodini nilimkuta amekaa kitandani, mkono umevimba na kufungwa bendeji. Sikumsalimu. Nilimvuta kola nikamkagua shingo, mbele na nyuma. Haina hata mkwaruzo.

"We mama, unatafuta nini?" akauliza.

"Alama ya kamba!"

Saad, aliyekuwa kwenye kiti kando, akasimama. "Shemeji, ni nyoka. Amemuuma kidole."

"Si ulisema kamba?"

"Ilikuwa usiku! Kwetu usiku nyoka hatajwi kwa jina, ukimtaja atakuja. Tunamwita kamba."

"Wee Saad! Mnazunguka usiku kucha mkimtafuta, halafu mnaogopa atakuja?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko, Saad naye akacheka, mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu, maana ningefanya nini? Kichwa changu kilikuwa kimevurugika kabisa.

Kweyu hakucheka. Alingoja Saad atoke kwenda kutafuta chai, ndipo akaniuliza polepole.

"Na ulivyosikia kamba, uliamini?"

"Niliamini."

"Hukusema labda wamekosea?"

Nilitaka kumdanganya. Uongo haukuja. "Hapana. Tangu ufutwe kiwandani si wewe. Niliamini papo hapo."

Nilingoja akasirike, aniulize mke gani huyu anayemuwazia mumewe mambo kama hayo. Nilishajitayarisha kujibu, nawe unajua mdomo wangu. Akainamisha kichwa, akatazama ule mkono wake uliovimba.

"Kumbe umekuwa ukiniona," akasema. "Nilidhani hakuna anayeniona."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa ile simu. Nilivua viatu, nikapanda kile kitanda chembamba cha hospitali, nikalala ubavuni mwake. Nesi alipokuja kunifukuza nilimwambia siendi popote.