Uso wa Kokoto

Wenzake wa kambi ya ngumi walimpa jina la Kokoto, wakidai ni kwa ajili ya mkono wake mzito. Mwenyewe alijua wanasema uso. Tangu ajiunge nao, miaka miwili nyuma, chunusi zilimjaa kwenye paji, mashavuni na chini ya kidevu. Nyingine zilikuwa ngumu na zinauma, hata konde la mzaha mazoezini lilimtoa damu.

Alijaribu kila alichoambiwa. Alijipaka ndimu hadi ngozi ikababuka. Alijisugua kwa dawa ya meno. Alizikamua mbele ya kioo cha bafuni kwa hasira ileile aliyopigia gunia, mpaka sinki likatapakaa matone mekundu.

Shangazi yake, muuza dawa za miti shamba sokoni, hakumpa kitu siku ya kwanza. Alimuuliza anakula nini, analala saa ngapi, siku zake zikikaribia uso unakuwaje. Kisha akataka kuiona kofia ya ngozi inayokinga kichwa mazoezini. Aliinusa, akaisukuma mbali.

"Mnaivaa wangapi hii?"

"Wanane, shangazi."

"Kwa hiyo kila siku unajipaka jasho la watu wanane, halafu unaniuliza dawa."

Akamwagiza anunue kofia yake na kuifuta kila akimaliza, anawe kwa sabuni isiyo kali, apunguze soda, alale vya kutosha, na mikono aiweke mbali na uso. Utomvu wa mshubiri apake kidogo tu, baada ya kuujaribu mkononi. Zile zilizovimba kwa ndani akamwone daktari wa ngozi, maana hizo majani hayaziwezi. Kokoto aliondoka amenuna. Alitaka kitu cha kuunguza.

Wiki tatu baadaye alipanda ulingoni na bondia mwenzake wa kike aliyeitwa Msumari. Asubuhi, walipokuwa wanapimwa uzito, Msumari alimuuliza mwamuzi kama ataruhusiwa kuchoma glovu zake baada ya pambano, asije akaambukizwa. Ukumbi mzima ulicheka. Hata kocha wa Kokoto alificha mdomo.

Raundi ya pili walikumbatiana kwenye kamba. Msumari akamkandamiza kichwa, akamsugua shavu kwa mshono wa glovu, taratibu, kama anayeparua samaki. Chunusi zikapasuka. Damu na usaha vikamtiririkia hadi mdomoni. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona.

Raundi ya nne Kokoto alimpata. Ngumi ya kushoto tumboni, ya kulia kwenye taya, na mfupa ukalia hadi watu wa viti vya mbele wakasikia. Msumari akapiga magoti. Kengele ikagongwa. Kokoto akampiga tena, tena, na mara ya tatu akiwa amelala, mpaka mwamuzi na kocha walipomwangusha na kumkalia mgongoni. Alikuwa analia, na hakujua ameanza saa ngapi.

Alinyang'anywa ushindi na kufungiwa miezi sita. Msumari, taya limevunjika, alifungwa meno kwa nyaya.

Kwa kuwa hakuwa na kambi ya kwenda, Kokoto alifuata maagizo ya shangazi. Alilala. Alikwenda kwa daktari, akapewa dawa ya kupaka, na shangazi akamsimamia aitumie. Mwezi wa tatu uso ulitulia. Makovu yalibaki, na mara moja kwa mwezi chunusi mbili tatu zilirudi, lakini aliweza kujishika shavu bila kuumia. Usingizi tu ndio haukutulia. Kila akifumba macho alisikia ule mfupa.

Siku moja mchana alikwenda kwa Msumari. Mama mtu alimfungulia, akampisha bila salamu. Msumari, ambaye taya lake lilichelewa kuunga na nyaya bado zilikuwapo, alikuwa mezani na kikombe cha uji na mrija. Amekonda, shingo imebaki mishipa mitupu. Kokoto alisema alichokuja kusema: kwamba kengele aliisikia, na alipiga kwa makusudi.

Msumari aliinuka, akazunguka meza, akamtandika ngumi ya tumbo kwa nguvu zake zote. Kokoto alijikunja, akashika ukuta. Mikono hakuinyanyua. Alisubiri ya pili, ikaja, chini ya mbavu, akaanguka kwa goti moja akitafuta pumzi.

Msumari alirudi kwenye kiti chake akihema, akakisogeza cha pili kwa mguu.

"Sasa kaa," alisema, meno yamebana.

Kokoto akakaa.