Kutua Kavumu

Joviale hakujua kama baba yake bado anarusha ndege, hadi siku ile aliporudi mapema kutoka fakilteni, kule chuo kikuu, alikokuwa sekretari, akamkuta Papa Alphonse ameketi mbele ya kompyuta ya sebuleni, mikono juu ya magoti, akingoja. Kwenye kioo kulikuwa na ndege moja, imeganda juu ya msitu.

"Iko inafikiri," mzee akasema bila kugeuka. "Asubuhi ilifikiri hata nikamaliza chai."

Joviale alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu amwone baba yake ameshika usukani wa mchezo ule wa ndege.

Kompyuta ya kwanza ililetwa nyumbani Joviale alipokuwa darasa la sita, wakati ambapo barabara zote za kutoka Bukavu zilikuwa za kuogopwa, na watu walijibana mjini kama kuku ndani ya tenga. Papa Alphonse, mwalimu wa jiografia, aliipata kwa mradi mmoja uliokuwa unafunga ofisi. Jumapili, wakitoka misa, alipanga viti viwili viwili nyuma ya meza, akakaa mbele, na familia ikasafiri. Maman Jeanine ndiye aliyekuwa mhudumu wa ndege. Alijifunga kitambaa shingoni, akapitisha karanga kwenye sahani, akatangaza kwa sauti ya puani: "Mesdames et messieurs, mufunge mikanda, rubani wetu hakulala muzuri." David, kitinda mimba, alijifanya anatapika kila walipotua. Katika mchezo ule ziwa Kivu lilikuwa doa la buluu tu, na Bukavu haikuwa na nyumba hata moja. Lakini baba alionyesha kwa kidole: "Pale ni Idjwi. Hapa ni Mudaka, shangazi yenu iko anavuna maharagi, mumupungie mukono." Nao wakampungia.

Kompyuta ile ilikufa zamani. Hii ya sasa aliiacha David alipohamia Kinshasa kikazi, na siku ya kuondoka alimwekea baba mchezo mpya, wenye milima na mito kama ilivyo kweli. Mashine haikuuweza. Na mwaka uliopita Maman Jeanine naye alienda Kinshasa, kumsaidia mke wa David aliyejifungua. Alipanga kukaa majuma machache. Akiwa huko, vita vikaingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na tiketi yake ya kurudi ikabaki karatasi.

Njia ya kuzunguka ilikuwepo, kupitia nchi za jirani, ndege mbili na mabasi. Lakini kila Maman alipoigusia kwenye simu, mzee alijibu vilevile: "Kaa kwanza, tutaona." Maman alisema "Bon," na mazungumzo yakageukia mvua.

Kesho yake Joviale alikwenda mtaa wa Nyawera kumwona Bulonza, waliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa anatengeneza kompyuta katika chumba kilicho juu ya duka la vitenge. Benki zilikuwa zimefungwa, mishahara ilikuja ilipojisikia, na Joviale hakuficha hali yake.

"Kununua ingine siwezi," akamwambia. "Hii hii, uipatie nguvu kidogo."

Bulonza alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, wakapiga chafya wote wawili.

"Kichwa chake kingali kizima," akasema. "Memware iko kidogo sana, disque ni ya zamani, na haiko na carte graphique. Tuanze na memware na disque. Carte tutaitafuta occasion, usikimbilie mupya."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Memori na diski vilitoka kwenye kompyuta nyingine ya mezani iliyokufa. Mashine ikaanza kuwaka kabla mzee hajavaa miwani yake. Kadi ya picha ndiyo iliyosumbua. Ilipatikana kwa kijana aitwaye Steve aliyekuwa amefunga chumba chake cha michezo ya kompyuta, na ili ailipe Joviale aliacha kununua kitenge cha sare ya arusi ya binamu yake. Alikwenda arusini na gauni lake la kazini, katikati ya shangazi waliovaa maua ya njano, na wakamsema hadi keki ikakatwa.

Na kadi yenyewe ikakataa kuingia. Ilikuwa ndefu, ikigonga kijisanduku cha chuma kilichobeba diski za zamani. Bulonza alitazama, akatoa msumeno.

"Utaiua!" Joviale akasema.

"Hiki chuma hakibebe tena kitu. Shika hapa."

Alishika, na chuma kikalia hadi meno yakamsisimka. Kadi ikaingia. Bulonza akabadilisha na kisanduku cha umeme, kwa kuwa cha zamani kisingeweza kuilisha, akafunga ubavu kwa skrubu tatu za rangi tofauti.

Jumapili umeme ulikuwepo. Joviale alimpigia David, Maman akatokea kwenye simu, mjukuu mgongoni, naye Joviale akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari ili kamera ielekee kioo. Safari ilikuwa ya Kinshasa kwenda Kavumu, lakini Papa Alphonse alikubali waanzie angani karibu na mwisho, maana umeme haukuwa wa kuaminika.

Mawingu yakafunguka. Hakuna kilichoganda. Ziwa likajitandaza chini yao na kingo zake zote, peninsula za Bukavu zikichomoza majini, na kisiwa cha Idjwi kikiwa na kijani chake.

"Ee Nyamuzinda," mzee akanong'ona, kwa Mashi, akimwita Mungu.

"Alphonse, shuka polepole," sauti ya Maman ikasema. "Ile nyumba ya shangazi iko wapi?"

"Mudaka ile pale. Wameiweka miti tu."

Akateremka. Kiwanja kikaja haraka kuliko alivyotegemea. Gurudumu likagonga, ndege ikaacha lami na kujikita majanini. Kisha Maman akacheka, kile kicheko chake cha kushika mbavu, hadi mtoto mgongoni akaamka.

"Haina neno," akasema. "Nitashukia hapo hapo, nitafika nyumbani kwa miguu."

Papa Alphonse hakucheka. Alivua miwani, akaisogelea simu hadi uso wake ukajaa kioo kule Kinshasa.

"Jeanine," akasema. "Rudi."

"Si unasemaka nikae?"

"Nilikuwa naogopa njia. Ningali naogopa. Lakini rudi."

Maman alimtikisa mtoto mgongoni.

"Mwaka muzima nilikuwa nangojea useme vile," akajibu. "Nilizania umezoea kukaa bila mimi."

Joviale aliondoka, akaenda jikoni bila shughuli yoyote, akawaacha.

Ilichukua muda, na simu nyingi, na usiku mmoja kwenye kituo cha basi ambao Maman hakutaka kuusimulia. Lakini alifika, alasiri ya mvua nyembamba, miguu imevimba, kandambili mkononi. Papa Alphonse alimpokea mzigo mlangoni. Maman alipita, akaketi, akaomba maji ya moto ya kuchovya miguu, kisha akauliza nani aliyehamisha kabati.