Mlango Unaolia Vijiko

Nyumba yetu ina korido nyembamba yenye milango inayofanana: stoo, bafu, jiko na, mwisho kabisa, sebule. Mtu mwenye macho mazima hapotei humo. Lakini mamamkwe wangu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia hata asitofautishe mtu na pazia, alianza kuiogopa korido hiyo. Siku aliyoingia stoo akidhani ni bafu, wageni wakimsikia akizozana na ndoo, alirudi chumbani kwake na kukataa kutoka. Kiti chake cha sebuleni kikabaki kitupu, na chakula tukawa tunampelekea kitandani.

"Tumtafutie mtu wa kumshika mkono," alisema mume wangu.

"Sikokotwi kama mbuzi ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe!" sauti ya mama yake ikatoka chumbani. "Siku nitakayoshikwa mkono kwenda kuketi, jueni nimekuwa mgeni hapa."

Mimi ndiye niliyejaribu kwanza. Nilikuwa nimejifunza kuandika katika darasa la watu wazima, na wakati huo niliamini kwamba hakuna shida isiyoweza kumalizwa kwa herufi. Niliandika SEBULE, JIKO na BAFU kwa maandishi makubwa, nikayabandika milangoni, kisha nikamwita Mama. Akaipapasa karatasi kwa kiganja.

"Ni nini hiki?"

"Maandishi, Mama. Makubwa sana."

"Mwanangu, hata macho haya yalipokuwa mazima hayakuwahi kusoma." Akacheka kidogo, akarudi chumbani na kufunga mlango.

Ndipo nikamwita wifi yangu. Yeye ni fundi cherehani, lakini mtaani sote tunamwita Mama Usitupe, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza anapomwona mtu ameshika ndoo ya taka. Nyumbani kwake, chupa zilizokwisha kazi huning'inia dirishani zikiwa maua, na hanga la nguo lililopinda hubeba samaki waliokatwa kwenye makopo ya maziwa. Nimewahi kusimama mbele ya samaki hao nikasahau nilichotumwa.

Alikuja na mkoba wake, akafanya kazi mchana mzima. Alikata vitako vya chupa za plastiki vikawa maua, akavipanga pamoja na sidii za muziki zilizokwaruzika, akaviunga kwa uzi wa nailoni na kuvitundika kwenye mlango wa sebule. Jua lilipoingia, ukuta mzima ulijaa vipande vya mwanga. Mume wangu alivua kofia kama aliyeingia mahali patakatifu.

Tukamwita Mama. Akaja akiupapasa ukuta, akapita chini ya pambo, akashtuka.

"Ni kitu gani kinanilamba uso?"

Wifi yangu alilitazama pambo lile zuri, akapanda juu ya stuli na kulitungua. Ninamheshimu kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi: hakuitetea kazi yake hata kidogo.

"Nilitengeneza kwa macho," alisema. "Wifi, niletee kila kilichochakaa humu ndani. Kisha ukae nyuma yangu unigongee."

Nikamwaga sakafuni vijiko vilivyopinda, funguo zisizo na makufuli, vifuniko, vikombe vya bati. Yeye akavipa mgongo. Nikawa nainua kimoja kimoja kwa uzi na kukigonga kwa mwiko.

"Hicho kinakohoa. Weka kando."

Nikagonga kingine.

"Hicho kinanung'unika kama kaka yangu akiamshwa. Kando."

"Nakusikia!" alisema mume wangu.

Nilipogonga kijiko kikubwa cha chai, wifi yangu alinyanyua kidole. "Umekifunga katikati, unakiziba mdomo. Kifunge kwenye ncha ya mpini, kiache kipumue." Nikakifunga upya, nacho kikalia sauti safi, ndefu, mpaka nikaona haya kukizima.

Nikashika kifuniko cha sufuria. Kabla hakijanyamaza, mlango wa chumbani ulifunguka.

"Kigonge tena hicho!"

Nikakigonga.

"Hicho ni cha sufuria yangu kubwa! Mliniambia kimepotea!"

Tukamgeukia mume wangu. "Nilifunikia rangi, Mama," alisema polepole.

"Rangi! Basi hicho kiende jikoni, kwao. Na vijiko vyote wekeni sebuleni, maana huko ndiko tunakonywea chai. Funguo zipelekeni bafuni. Stoo msiweke kitu. Pakae kimya, nipajue kwa ukimya wake."

Wifi yangu alizifuata amri hizo kama mwanafunzi. Kila pambo alilitundika ubavuni mwa mlango, usawa wa bega la mama yake, ili mkono unaopapasa ukuta ulikute. Hayakung'aa sana. Hata hivyo, jinsi vijiko vile vilivyoshuka ngazi kwa ngazi, kirefu kikifuatiwa na kifupi, vilinipendeza kuliko maua ya mwanzo.

Mama alisimama mlangoni pa chumba chake. Nikanyoosha mkono kumshika, lakini wifi yangu akaudaka mkono wangu na kuufinya ndani ya wake.

Mama akaanza kutembea. Akafika penye ukimya wa stoo, akapita. Funguo zikacheka kidogo, akapita. Kifuniko kikalia, naye akakipapasa kwa kiganja kama anayemsalimu jirani, akapita. Kisha vijiko vyote vikalia kwa pamoja, naye akageuka, akaingia sebuleni na kusimama mbele ya kiti chake.

"Ondoka," alimwambia mume wangu.

"Umejuaje kwamba nimekaa hapa?"

"Unapumua kama baba yako. Ondoka, nimechoka kusimama."

Akaketi. Wifi yangu hakuachia mkono wangu mpaka Mama alipoagiza chai, na baada ya kikombe Mama akasema anakwenda bafuni, asifuatwe na mtu. Tulikaa tukisikiliza: vijiko, kifuniko, funguo.