Santuri Inayoruka

Mume wangu Nestory husema hasira zangu zimekaa mlangoni, hazingoji mtu apige hodi. Sibishi. Lakini siku santuri yetu iliporudi kutoka Sengerema, hata katekista angekasirika.

Nianze na baba yangu. Otuoma alikuwa na duka la santuri mjini Mwanza tangu sijazaliwa, na enzi hizo watu walivuka ziwa kutoka Ukerewe kuja kununua wimbo mmoja tu. Zikaja kanda. Kisha biashara ikaruhusiwa kwa kila mtu, kanda za kurudufu zikamwagwa barabarani kama dagaa, na mtu akawa anapata nyimbo za albamu nzima kwa bei ya chai na maandazi. Baba akafunga duka, akahamishia masanduku yake nyumbani kwetu Nyakato, akawa anayafuta vumbi kila siku kama vile wateja watarudi. Kabla hawajarudi akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukafuata, na maneno yakamwisha yote akabaki na "eee" peke yake. Hiyo "eee" ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa uji umepoa.

Hospitali nazo zilikuwa zimeanza kutaka mgonjwa achangie. Dawa tununue, mazoezi ya mkono tulipie. Mimi na Mama tukaanza kuuza santuri, maana kumbe walikuwepo watu wanaozitafuta: wenye baa za nyimbo za zamani, wakusanyaji, na wengine waliokuwa wakiwauzia Wazungu. Tuliuziana bila kuonana. Mteja anapiga simu duka la jirani yetu, mimi namweleza santuri ilivyo, mkwaruzo uko wapi, karatasi imechanika wapi, naye analeta nusu ya pesa kwa dereva wa lori. Mzigo ukifika analeta nusu nyingine. Sikuwahi kumficha mteja hata alama ya kucha. Baba alitulea hivyo: usimuuzie mtu kitu ambacho utamkimbia njiani.

Mihayo wa Sengerema, mwenye baa, alinunua nyingi. Siku moja akauliza kama tunayo santuri fulani ya bendi ya Wajaluo wa Musoma, bendi iliyokufa zamani. Alisema akiipata atalipa vizuri kuliko zote.

Tulikuwa nayo. Lakini ile haikuwa ya duka, ilikuwa ya ndoa.

Wazazi wangu walipooana kule Shirati hawakuwa na uwezo wa kukodi bendi. Baba aliazima gramafoni na kuweka santuri hiyo. Sasa sisi Wajaluo tuna desturi yetu kwenye ngoma, tunaiita pakruok: mtu anatoa hela, muziki unasimamishwa, anamsifu anayempenda mbele za watu, kisha muziki unaendelea. Bendi unaisimamisha kwa mkono juu. Gramafoni haina macho. Baba, kwa furaha yake ya bwana harusi, akatia sarafu kwenye sahani, akainua sindano kwa kidole katikati ya wimbo, akamsifu mkewe kwa jina lake: "Ayoo, nyar Shirati," yaani binti wa Shirati, na mengine ambayo wazee wa kanisa waliyanunia. Akairudisha sindano kwa kishindo. Krr! Santuri ikapata jeraha.

Tangu siku hiyo wimbo ukifika pale sindano inaruka, ubeti mzima unapotea. Na kila iliporuka, miaka yote ya utoto wangu, Baba aliinua mkono na kusema, "Ayoo, nyar Shirati." Awe anakula, awe ananyoa ndevu, awe amenuniana na Mama tangu jana yake. Mimi nilikua nikidhani maneno hayo yamo ndani ya wimbo. Nilipousikia kwa jirani ukipita moja kwa moja, nilimwambia jirani santuri yake mbovu.

Kwa hiyo Mama aliponiambia, "Muuzie," nilifikiri sikusikia vizuri.

"Ile ya harusi, Mama?"

"Dawa hazinunuliwi kwa nyimbo, Rose. Muuzie."

Hakuniangalia usoni. Nami, kwa kuwa dawa zilikuwa zimekwisha kweli, sikuuliza zaidi. Nilimweleza Mihayo kila kitu kwenye simu: inaruka mara moja, katikati, baada ya gitaa, kwingine ni safi. Akasema anaijua shida hiyo, si neno. Nusu ya pesa ikaja, ikaenda yote famasi. Santuri ikaondoka na lori la Shimba, dereva aliyekuwa akituchukulia mizigo.

Haukupita muda Shimba akairudisha, na ujumbe wa mdomo: santuri ni mbovu, inakwaruza tangu mwanzo, Mihayo anataka nusu yake aliyotanguliza. Tena alisema yeye sasa ameshapata yake nzima, wala hana shida na ya kwetu.

Nikaitazama. Karatasi ya kuvalia ilikuwa yetu, na lile doa la samli ambalo Mama aliliacha juu yake. Rangi ya katikati ile ile, maandishi yale yale. Nikaiweka kwenye gramafoni, na kweli, ikaanza kukwaruza kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Krr, krr, kama kuku anayeparua.

"Pengine imeumia kwenye lori," Nestory akaniambia. Mume wangu ni Msukuma mpole wa kiwandani, hapendi ugomvi wa mbali wakati wa karibu anao. "Tutafute hela tumrudishie, Mama Kulwa. Yaishe."

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wimbo ulipovuka ile sehemu ya kukwaruza, gitaa likaingia, na mkono wake mzima, wa kushoto, ukaanza kupanda. Polepole. Ukafika usawa wa bega, ukasimama hapo.

Wimbo haukuruka. Ubeti ambao nyumba yetu haikuwahi kuusikia ukaimbwa wote, mstari kwa mstari, safi kabisa. Mkono wa Baba ulibaki hewani. Macho yake yalitoka kwenye gramafoni yakaja kwangu, yakaenda kwa Mama, nayo yalikuwa yamejaa machozi. "Eee," akasema. "Eee, eee."

"Mkono unamtetemeka tu, maskini," Nestory akasema. "Mzee hajui kinachoendelea."

Hapo ndipo hasira zangu zilipotoka mlangoni. Nilimwambia mume wangu mambo ambayo baadaye ilibidi niyaombee radhi kwa kuku wa kuchemsha. Huyu Mihayo, nikasema, amechukua nzuri yetu, ametuvalishia mbovu yake nguo ya mtoto wetu, na sasa anadai fidia.  Mama yeye aliuchukua ule mkono, akaushusha taratibu akauweka kwenye goti la Baba, akaushikilia hapo muda mrefu. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Tunakwenda Sengerema," akasema. "Na baba yako anakwenda."

Nestory, kwa kutaka amani, aliazima pikapu ya kazini. Tulimketisha Baba mbele, mito pembeni, nami nikaipakata ile santuri mbovu ndani ya karatasi yetu. Kigongo tukakuta foleni ya malori, na tulipoingia kwenye kivuko Mama alishuka akasimama dirishani kwa Baba, akimkinga upepo kwa upande wa kitenge chake mpaka tukafika Busisi. Mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri sana.

Baa ya Mihayo ilikuwa na wateja wa mchana, wanunuzi wa pamba na vijana wawili watatu wa machimbo. Mihayo mwenyewe alikuwa mtu wa umri wangu, nadhifu, shati limepigwa pasi. Alimwinamia Baba.

"Shikamoo, mzee."

Baba akamtazama tu.

"Marahaba," Mama akajibu kwa niaba ya wote wawili. "Ni mgonjwa, mwanangu, usimdhanie vibaya."

Nikaanza maneno yangu. Sikufika mbali.

"Dada Rose," Mihayo akanikatiza, kwa sauti ya upole iliyozidi kunikera, "mimi ni mfanyabiashara. Santuri niliyoletewa ndiyo hiyo niliyorudisha. Sasa kama nyinyi mmezoea kuuza vitu vibovu mkitegemea mtu atakuwa mbali..."

"Mbovu ni ya kwako!"

"Una ushahidi gani?"

Sikuwa nao. Santuri hazina alama za masikio kama ng'ombe. Wateja walikuwa wamegeuka wakituangalia, na nikaona jinsi tunavyoonekana: familia iliyokula pesa ya mtu, imekuja na mgonjwa wake kuombea huruma.

Mama akanigusa mkono ninyamaze. "Mwanangu," akamwambia Mihayo, "ulituma kusema kwamba unayo ya kwako, nzima."

"Ninayo, mama. Ndiyo maana nasema sina sababu ya kuwadhulumu."

"Basi mpigie mzee wimbo huo. Tumetoka mbali, na kwetu hatuna tena ya kusikiliza. Ukimpigia, tutakwenda kutafuta hela yako."

Mihayo akasita. Lakini mtu anayekuita mwanangu amekuomba wimbo kwa ajili ya mgonjwa, mbele ya wateja wako, utakataaje? Mmoja wa wale wanunuzi wa pamba akasema, "Mpigie mzee wa watu, bwana." Mihayo akaingia nyuma ya kaunta, akaitoa kwenye karatasi mpya nyeupe, akaiweka.

Ilianza safi. Hakuna mkwaruzo hata kidogo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na Mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameifumbata tumboni kama msichana anayengoja kuitwa jina shuleni. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa namna ile. Wakati huo nilidhani anaogopea ile pesa.

Gitaa likaingia. Mkono wa kushoto wa Baba ukaanza kupanda. Ulifika usawa wa bega kabla ya kitu chochote kutokea, nataka hilo lieleweke, kabla, watu wote wanaona. Kisha sindano ikaruka. Krr!

"Ayoo," Baba akasema.

Sauti ilikuwa nzito, imeshika kutu, ulimi unaburuzika. Lakini lilikuwa neno, na halikuwa "eee". Akavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia.

"Ayoo. Nyar... nyar Shirati."

Wimbo ukaendelea. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nililia waziwazi, na maneno yangu yote mazuri yakapotea, sikuyahitaji tena. Yule mnunuzi wa pamba akaweka bilauri yake chini akamtazama Mihayo. "Hii ndiyo yako nzima?"

Mihayo aliinua sindano.  Hakuomba msamaha, wa namna yake hawaombi mbele za wateja. Alisema tu, kwa chini, "Nimalizie nusu iliyobaki, mama. Hata sasa hivi. Ibaki hapa."

"Hapana," Mama akasema. "Nipe santuri yangu. Na hela uliyotanguliza utarudishiwa, kidogo kidogo."

"Mama!" nikasema. "Huyu? Tumrudishie huyu?"

"Yeye ni yeye, Rose. Sisi tunaondoka na kitu chetu, hatuondoki na cha mtu."

Akaitoa mwenyewe kwenye gramafoni, akaivalisha ile karatasi yetu yenye doa la samli, akaibana kwapani. Ile mbovu akaiacha kwenye kaunta.

Kwenye kivuko, tukirudi, Nestory alisimama pembeni akijifanya kuangalia maji. Tangu Sengerema, kila tuliposimama, alimshika Baba mkono, na alikuwa amemwambia, "Nisamehe, mzee," mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mimi bado nilikuwa na kinyongo cha ile pesa. Nikamuuliza Mama: kama santuri ilikuwa na thamani hiyo, kwa nini alikubali kuiuza? Tungeuza nyingine zote kwanza.

Mama alimtazama Baba ndani ya pikapu.

"Tangu alipougua sijawahi kuipiga," akasema. "Hujaona? Hata mara moja. Niliogopa itafika pale, iruke, na asiwepo wa kusema. Nikaona bora iondoke na dawa kuliko ikae ndani inanitazama." Akaisogeza santuri vizuri kifuani. "Nilidhani ameshakwenda, Rose. Nilikuwa namlisha uji na kumwosha, nikidhani ameshakwenda. Kumbe nilikuwa sijampigia wimbo tu."

Pesa ya Mihayo tuliilipa yote, kwa santuri nyingine, na kila nilipompelekea Shimba fungu moja nilitamani kulitemea mate. Baba hakupona. Maneno mengine hayakurudi, "eee" iliendelea kuwa ndiyo na hapana. Nestory alitaka kumtafuta fundi wa kusafisha ule mkwaruzo, kwa nia njema kabisa, Mama akamwambia akiigusa santuri ile atafute pa kula.

Jumapili baada ya ibada tunaipiga. Kulwa na Doto, wanangu, nao sasa wanadhani maneno yale yamo ndani ya wimbo, nami siwasahihishi. Gitaa linaingia, mkono wa kushoto unapanda, sindano inaruka, na Baba analiita jina la mkewe. Na Mama, hata kama yuko jikoni na mikono imejaa unga, anaitika.

"Nipo," anasema. "Nipo hapa."