Gunia la Michembe

Mdogo wangu Limi hapendi michembe. Tulipokuwa watoto kijijini Didia, alikuwa akiificha mfukoni na kuwarushia mbuzi, na mimi nilikuwa nikimsemea kwa mama. Sasa Jumamosi ile, kwenye wavu wa mahabusu, nilimwambia neno moja tu nililotumwa: "Baba Vumilia anakuja nyumbani Jumatano."

"Dada Lusia," akasema, "usiniletee tena wali. Niletee michembe."

"Michembe? Wewe?"

"Gunia zima."

Askari alicheka. Ndiye anayenionjesha kila chakula kabla hakijapita, mpaka nanenepa kwa kifungo cha mwenzangu. Mimi sikucheka. Mvua zinanyesha, viazi vibichi vimejaa sokoni, nani anatafuta viazi vilivyokatwa na kukaushwa? Nilitaka kumhoji, muda ukaisha. Njia nzima nilijiuliza kama joto la mle ndani limempanda kichwani.

Limi ana miezi minane ndani, na kosa lake hasa ni mume. Shemeji Mayala, baba yake Vumilia, ni mwandishi wa habari. Aliandika ya wachimbaji wadogo waliofukuzwa mashimoni huko Geita, akaandika ya kura, akakimbia nchi. Kila wiki anadai uchaguzi wa haki mtandaoni, na kila baada ya wiki mbili kesi ya mkewe inaahirishwa, upelelezi haujakamilika. Mwezi huu mtu mmoja, mpole kabisa, alinifuata kwenye cherehani yangu akaniachia ujumbe: mume arudi na anyamaze, mke atatoka. Nilipomfikishia shemeji, alikata tiketi siku hiyohiyo.

Jumapili akapiga simu.

"Umemwambia? Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Ameomba michembe."

"Limi?"

"Hata mimi nimeshangaa."

"Kiasi gani?"

"Gunia zima."

Nilimsikia akimeza mate. Mtu huyu huongea mtandaoni saa nzima bila kumeza mate.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mama yangu alikuwa akijaza gunia la michembe kila baada ya mavuno. Lilikuwa la kutuvusha kiangazi chote. Mtu anayetarajia kutoka Jumatano haombi gunia."

Nilikaa chini palepale jikoni. Mdogo wangu alikuwa ameniambia mbele ya askari kwamba yuko tayari kukaa, mume asije, asinyamaze, na mimi nikadhani amechanganyikiwa! Niliona aibu, kisha nikaona hasira.

"Niirudishe tiketi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia.

Nilitaka kumwambia aje. Demokrasia yake sijawahi kuionja, na Vumilia humuulizia mama yake kila asubuhi. Namtaka Limi nyumbani. Lakini aliyeomba gunia si mimi.

"Irudishe," nikasema.

Jumatatu nilikwenda sokoni Kagongwa nikapata michembe ya mwaka jana, gunia zima. Jumamosi nilichemsha ya kujaza bakuli, nikaweka na karanga. Askari akanionjesha kama kawaida yake.

Limi alichukua kipande kimoja, akakitafuna mbele yangu mpaka kikaisha. Machozi yalimtoka, sijui kwa michembe au kwa nini.

"Baba Vumilia alifika?" akauliza.

"Hakufika."

Akachukua kipande cha pili.