Sauti ya Bimdogo kwenye Maktaba Tatu

Mama yetu, Bimdogo, aliyajua majina ya bibi zetu wote, mmoja baada ya mwingine, tangu yule aliyepanda huku uwanda wa juu wa Newala akitokea mto Ruvuma. Majina hayo ni wimbo. Huimbwa unga unapomwagwa makaburini, na ukiruka jina moja tambiko limeharibika. Katika ukoo mzima anaubeba mwanamke mmoja tu, naye humfundisha mrithi wake akijiona anachoka.

Mama alipoanza kuchoka wakaja watu wa chuo kikuu na kinasa sauti, wakamnasa akiuimba wote. Soko huria lilikuwa limeshatuletea kila kitu: mitumba, wanunuzi binafsi wa korosho, simu za mkononi, sasa na wasomi. Wakasema sauti yake itatunzwa kwenye kompyuta za maktaba tatu za vyuo, kwa ushirika, haitapotea mpaka kiama. Mama alifurahi, jamani! Nikimwambia amfundishe binti yangu Shamila, anacheka. "Haraka ya nini, Mama Shamila? Chuo kinayo."

Kisha kiharusi. Upande mmoja ukafa, na ulimi nao, akili ikabaki timamu. Hapo ndipo alipoanza kumwita Shamila kwa mkono kila asubuhi, wanakaa barazani, anahangaika na jina la kwanza. Jasho linamtoka, mate yanamtoka. Baada ya wiki nyingi yakatoka majina mawili, yamevunjikavunjika lakini yanasikika. Mimi nililia jikoni kwa furaha na uchungu.

Nikaona tumpunguzie adha, tukaichukue ile sauti Shamila ajifunzie humo. Mimi na mdogo wangu Halfani tukashuka Masasi, ambako chuo kimojawapo kilikuwa na ofisi ya maktaba, upande wa Mkomaindo. Tukamkuta mkutubi anaitwa Optatus, mtu mpole, tai shingoni. Jina la mama akalipata papo hapo kwenye kompyuta, nikapiga kigelegele mle mle ofisini. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Jina lipo," akasema. "Sauti haipo."

Akaipigia simu maktaba ya pili. Wakamjibu kompyuta yao ilijaa, wakazifuta sauti zile, maana wenzao wanazo. Ya tatu walibadilisha mitambo wala hawakuzihamisha, kwa kuwa wenzao wanazo. Na hawa wa Optatus? Diski yao iliharibika zamani na hakuna aliyeshtuka, si wenzao wanazo! Kanda zenyewe zilishatupwa baada ya kunakiliwa.

"Walinzi watatu wa nyumba moja," nikamfokea, "kila mmoja kalala akijua mwenzake yu macho! Hamna haya?"

"Samahani sana, mama."

Samahani yake ningeipeleka wapi mimi? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wazee walishasema, na sisi tulisikia tukapita.

Tulipofika nyumbani nilibaki uani kunawa vumbi, natafuta maneno ya kumwambia mgonjwa. Halfani akatangulia ndani. Nikamsikia: "Ipo, Mama. Tumeisikia yote, mwanzo mpaka mwisho. Usijitese tena."

Huruma, eti! Nilitamani kumzaba kofi. Niliingia mbio, nikamkuta mama anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli wote, maktaba kwa maktaba. Mama akamtazama Halfani, kitindamimba wake, mtoto asiyekosea machoni pake. Halfani akainama kumtengenezea shuka, uongo wake hakuukana. Basi mama akanipigapiga begani, unavyombembeleza mtoto mwenye wivu.

Asubuhi Shamila akatandika mkeka barazani, akangoja. Nikaingia kumtoa bibi yake. Akanisukuma taratibu kwa ule mkono mzima. Nikamsihi, nikamlilia, nikamtajia yale majina mawili labda atanifuatisha la tatu.

Akanyoosha kidole kuelekea Masasi, kwa wale wa chuo, akafumba macho.