Njia Isiyo na Baa

Unnur alihesabu baa kumi na tisa kutoka juu ya barabara ya Laugavegur, Reykjavík, mpaka chini uwanjani, na hapo alikuwa bado hajagusa vichochoro. Aliziandika moja moja katika daftari dogo, za kulia upande wa kulia na za kushoto upande wa kushoto, huku theluji iliyoyeyuka ikimpenya viatuni. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mlinzi wa bwawa la kuogelea, ambaye maishani mwake hajaagiza hata bia ndogo, alikuwa amesimama mchana kweupe akichungulia dirisha la baa kama mtu wa kodi. Jirani yake Hildur akamkuta hapo hapo.

"Umeanza lini, jirani?" Hildur aliuliza. Aliuangalia mlango, kisha daftari.

"Kuanza nini?"

"Haya, mimi sijaona kitu."

Unnur alicheka kidogo, kicheko cha kukatiza maneno, akaenda zake. Hakuwa na nafasi ya kueleza. Na mji wetu huu, ukimweleza mtu mmoja jambo asubuhi, jioni unalikuta limekutangulia nyumbani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwanawe Sindri, wa miaka thelathini na mbili, alikuwa ametimiza siku arobaini na sita bila pombe. Ishirini na nane za kwanza alikaa kwenye nyumba ya matibabu nje ya mji. Zilizobaki alilala tena kwa mama yake, katika chumba chake cha ujana, kile cha chini ambacho nusu yake imezama ardhini. Na wiki hiyo mama wa binti yake alikuwa amepiga simu. Alisema Sindri anaweza kuja kumwona Salka tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri, kwa saa moja.

"Akija hanuki, ataingia," alisema. "Akija ananuka, mlango huu haufunguliwi tena, na usije ukanilaumu, Unnur."

Salka alikuwa na miaka sita. Mwaka mzima alikuwa amemwona baba yake mara mbili, na mara ya pili alilia mpaka akatapika.

Sindri alipopewa habari hiyo alisema anataka kumnunulia mtoto zawadi yeye mwenyewe, Siku ya Thorlak, kama watu wengine. "Twende wote, mama. Tutembee."

Usingizi wa Unnur ukaishia hapo. Siku ya Thorlak, kesho yake ikiwa mkesha wa Krismasi, Reykjavík nzima inateremka Laugavegur kutafuta zawadi za mwisho, na nusu ya watu hawana cha kununua, wamekuja kuonana tu. Hupigi hatua kumi hujashikwa bega. Uliosoma nao, uliovua nao samaki, ulioachana nao, wote wako njiani. Na kila anayekushika bega ana neno lile lile mdomoni: twende tukapate kimoja.

Kumkataza asingeweza, maana mtu mzima hafungiwi ndani. Ndiyo maana akachukua daftari akaenda kuzihesabu baa, na asubuhi ya siku yenyewe, nje bado giza, alikuwa mezani jikoni na ramani aliyoichora kwa mkono, mishale ikionyesha njia. Watatoka saa saba, wakati walevi wa mchana hawajaamka na wa jioni hawajaanza. Watapita barabara ya nyuma, ya nyumba za watu. Watakatiza Laugavegur mahali pamoja tu, penye duka la nguo za watoto, kwa sababu mtoto asiyepata nguo mpya Krismasi huliwa na Paka wa Krismasi, yule mkubwa wa hadithi za kale, na hakuna bibi wa kwetu atakayelifanyia mzaha jambo hilo. Kisha duka la vitabu. Kurudi, watazunguka ziwani, wasilione duka la serikali la pombe, ambalo foleni yake siku hiyo hufika mpaka kona. Saa kumi na nusu wawe nyumbani. Alikunywa kahawa kikombe cha nne.

Sindri alipanda ngazi, nywele bado mbichi. Aliinama akaitazama ramani.

"Mama, tunaenda kununua sweta na kitabu, au tunatoroka nchi?"

"Nimepanga hivyo kwa ajili ya barafu. Upande ule kunateleza."

"Kunateleza kwenye baa tu?"

Unnur alijifanya anafuta meza. Sindri aliikunja ile karatasi taratibu, akampa. "Sawa. Tufuate yako."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Barabara ya nyuma ilikuwa kimya na tupu, isipokuwa harufu ya samaki aliyevundikwa, chakula cha siku hiyo, iliyotoka katika kila dirisha la jikoni na kukwama kwenye makoti. Dukani Sindri alichagua sweta jekundu lenye vifungo vya mbao, akauliza kama linakwaruza shingo, akaliweka shavuni mwake kulijaribu. Unnur alitaka kulia, akajizuia. Muda wote alikuwa anaangalia mikono ya mwanawe, mfuko gani imeingia, imetoka na nini.

Walipokuwa wanakatiza kurudi barabara ya nyuma, mtu akaita. Alikuwa Gauti, aliyewahi kufanya kazi na Sindri kwenye meli moja ya uvuvi, uso mwekundu na kofia imekaa upande.

"Sindri, ndugu yangu. Nilisikia umekufa."

"Bado kidogo."

"Twende tukapate kimoja basi, tushukuru."

"Namnunulia binti yangu zawadi."

"Kimoja tu. Au unamwogopa mama?"

"Namwogopa sana," Sindri alisema. "Wewe hujamwona bwawani akiwa na kipenga."

Gauti alicheka, akamwinamia Unnur kwa heshima zote, akaenda. Sindri naye alikuwa anacheka. Unnur ndiye aliyebaki na kijasho mgongoni, kwenye baridi ile, akimwambia mwanawe waongeze mwendo.

Duka la vitabu lilikuwa limefurika. Sindri alikwenda kona ya watoto, Unnur akasogea kutafuta kitabu cha kumpa Hildur, walau kumfunga mdomo. Hapo ndipo alipomwona binti wa duka akipita katikati ya watu na trei ya vikombe vya karatasi vinavyofuka moshi. Mvinyo wa moto wenye karafuu na mdalasini, zawadi ya duka kwa wateja. Watu walikuwa wanavichukua huku wakisoma, bila hata kuinua macho. Baa kumi na tisa alizihesabu. Hakufikiria kwamba siku kama hii mvinyo humfuata mtu mpaka kwenye vitabu.

Aligeuka. Sindri alikuwa amechutama penye vitabu vya watoto, kitabu mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, na kikombe kilikuwa kinakwenda mdomoni.

Unnur hakumbuki alivyofika. Alimsukuma mzee mmoja, akaangusha vitabu chini kwa kiwiko, akakipokonya kikombe kwa nguvu hata nusu yake ikamwagikia koti lake na nusu kitabu. Watu wakageuka kutazama. Kitu cha moto, kitamu, kizito kilikuwa kinamtiririka mkononi. Alikinusa. Kilikuwa kakao.

"Wana kakao pia, ya watoto," Sindri alisema polepole. "Iko mezani pale."

Watu wetu ni mabingwa wa kutoona. Wote walirudi kusoma, wengine vitabu vilivyo kichwa chini. Sindri alivua skafu yake akakifuta kitabu, akaenda nacho kulipa hivyo hivyo na doa lake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Unnur alisimama na kile kikombe mkononi, akatamani ardhi immeze.

Nje waliketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa. Giza lilikuwa limeanza kuingia.

"Nisamehe," Unnur alisema. "Sikujua la kufanya. Nilizihesabu zote, Sindri. Nilidhani tukizikwepa zote—"

"Nani alikwambia nilikuwa nakunywa baa?"

"Watu wanakunywa baa."

"Baa ni ghali, mama. Halafu kuna watu." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mimi nilikunywa kwako. Kule chini. Wewe ukiwa juu unafuma."

"Ningesikia."

"Ungesikia nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na Unnur alikuwa amezunguka mji mzima akikitafuta kwa daftari.

"Kuna chupa moja ipo bado," Sindri alisema. "Chumba cha kufulia, ndani ya buti la bahari la baba. Haijafunguliwa. Tangu nimerudi sijaingia mle. Nguo zangu nafulia kwenye sinki la bafu, umeona, ukadhani naona haya. Kesho utakwenda kazini asubuhi, na mimi nitabaki nayo mpaka saa tisa."

"Mbona hukuitoa?"

"Nikiishika sijui kama nitaimwaga."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa umeshachora mishale."

Unnur aliinuka. Njia fupi ya kwenda nyumbani ilikuwa Laugavegur yenyewe, moja kwa moja, na sasa ilikuwa imejaa watu ukuta kwa ukuta. Alimshika mwanawe mkono wakaingia. Walishikwa bega mara saba au nane, na mara zote ni Unnur aliyejibu kwamba wana haraka, hata kwa watu aliokuwa hawajui.

Nyumbani hakuvua koti. Alishuka chini, akawasha taa ya chumba cha kufulia, akatia mkono ndani ya buti la marehemu mumewe mpaka kwenye kisigino. Chupa ilikuwepo, baridi. Aliifungua, akaimwaga yote kwenye karo, na harufu ikapanda mpaka akafumba macho. Alifungulia maji yakaenda kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Moyo wake ulianza kutulia, kwa mara ya kwanza siku nzima.

Alipogeuka, Sindri alikuwa amesimama juu ya ngazi na mfuko wa zawadi kifuani, hajashuka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepona jambo.

"Sindri," Unnur alisema, "ni hii tu?"

Aliketi kwenye ngazi ya juu, akauweka mfuko pembeni, akaanza kumtajia nyingine, moja moja.